Hao watu wa Singapore wanaongea vile sisi tunaongea Nakuru

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako, najua barua ni ndefu lakini hii maneno imenikaa rohoni na nikinyamaza haitatoka. Siku hizi ukiwasha redio ni Singapore, ukienda mkutano wa hadhara ni Singapore, ati na sisi tutafika huko, barabara zao, nyumba zao, bandari yao, usafi wao. Sina ubaya na hiyo, nani hataki barabara. Lakini sijasikia mtu hata mmoja akisimama kwa jukwaa atuambie hao watu wakikaa mezani wanakula huwa wanaongea namna gani, na hicho ndicho kitu mimi nakijua kidogo, juu nimelisha mtoto kwa sauti zao karibu miaka miwili sasa.

Nakaa Section 58 hapa Nakuru na kazi yangu ni ya mtandaoni, ile ya kusikiliza rekodi na kuandika kila neno linalosemwa, transkripsheni, vijana wengi hapa wanaijua. Unatumiwa sauti, unavaa hedifoni, unasikiza, unarudisha nyuma, unaandika, alafu unalipwa kwa dakika za hiyo sauti, sio kwa masaa uliyokaa ukikazana nayo. Nafanya usiku juu bando ya usiku ni nafuu na mtoto amelala. Nilikuwa nimezoea Wamarekani na Waingereza, hao sauti zao hata uniamshe saa tisa usiku nitakuandikia.

Sasa siku moja nikapewa ya Singapore. Sitasema ni akina nani walikuwa wanaongea kwa sababu kazi ni ya siri, nitasema tu ni shosho na mjukuu wake mezani, na maneno yenyewe ni yale ya kila siku ambayo ungeyasikia kwa mtu yeyote huko. Shosho anauliza "Eat already or not?" na kijana anajibu "Eat already lah." Mvua nayo siku hiyo inapiga mabati hadi nimefinya hedifoni kwa masikio na mikono miwili. Nikaandika vile nilifunzwa shuleni, nikapanga sentensi vizuri, nikaweka "have you", nikaweka "yes, I have", nikatoa hizo "lah" zote juu niliona ni kelele tu. Mahali pengine kijana aliulizwa kama ataweza kuja Jumapili akasema "Can lah", na mimi masikio yangu ni ya Kiswahili, nikasikia "Can, la!" yaani ndiyo na hapana kwa pumzi moja, nikaandika alama ya kuonyesha sauti haieleweki. Kumbe alikuwa anasema "nitakuja bwana, wacha wasiwasi".

Ile kazi ilirudishwa. Alama zangu zikashuka, hakuna mtu alinieleza kosa, nikafungiwa kazi wiki tatu na pesa ya ile rekodi ikakatwa nusu. Kampuni siitaji. Wiki tatu ni nyingi ukiwa unategemea kitu kimoja, nilichukua unga kwa duka na kuandikwa kwa kitabu cha madeni mpaka nikaanza kupita njia ya nyuma. Lakini kilichoniuma zaidi ya unga ni kwamba maagizo yalisema wazi, andika kila unachosikia, na mimi nilikuwa nimewasahihisha watu ambao hawakuwa wamekosea. Nilimchukua shosho wa watu kwa meza yake nikamfunga kinywa nikamwekea maneno yangu.

Hizo wiki tatu nilizitumia kujifunza. Hiyo lugha inaitwa Singlish na si Kiingereza kimevunjika, ina sheria zake na ukizivunja Msingapore anajua mara moja kwamba unaigiza. Chukua hiyo "already". Kwa Kiingereza cha shule mtu anasema "I have eaten". Wao wanasema "I eat already", na hiyo "already" inafanya kazi ya kuonyesha jambo limekwisha, vile Kichina kinafanya na neno dogo kama "liao" la Kihokkien. Sasa Mhariri, sisi si tuna "-me-" na "-sha-"? Nimekula, nishakula. Hatuna "have" mahali popote na hakuna mtu ametuambia Kiswahili kimevunjika. Ama chukua "got". Mtu anaingia mkahawani anauliza "Got chilli?" anajibiwa "Got." Nenda pale kwa mama wa chapati asubuhi uulize "Chapati iko?" atakujibu "Iko." Neno moja. Hasemi "ndiyo mteja wangu, chapati ninazo", ana moto wa kuangalia. Alafu kuna hii ya kurudia neno, wanasema "walk walk" kumaanisha kuzunguka tu bila haraka, Kimalei nacho kinasema "jalan-jalan", na sisi tunatembea-tembea. Nilipoiona hiyo niliweka hedifoni chini nikakaa tu nikiangalia ukuta. Mtu ako mbali hivyo, bahari nzima katikati, na ulimi unapinda pale pale wangu unapinda.

Na kuna maneno tuko nayo pamoja kabisa, sio kufanana tu. Wamalei wakisalimiana wanasema "apa khabar", hiyo khabar ni habari yetu, imetoka kwa Waarabu ikaenda kwao ikaja kwetu. Karatasi kwao ni "kertas", sabuni ni "sabun", dunia ni "dunia". Bendera kwao pia ni "bendera", na meza ni "meja", hizo mbili Wareno waliziacha huko na wakaziacha pwani yetu. Kimalei ndio lugha yao ya taifa, hata wimbo wa taifa wanaimba kwa Kimalei, na maneno yake mengi yako ndani ya Singlish, kama "makan" ya kula.

Lakini kitu kilinichukua muda mrefu ni hivyo vineno vya mwisho, vile nilikuwa naviita kelele. "Lah", "lor", "leh", "meh", "hor", "ah". Ukisema "can" peke yake umesema inawezekana. Ukisema "can lah" unamtoa mtu wasiwasi. "Can meh?" unashuku, hiyo meh inatoka kwa Kikantoni. "Can lor" umekubali lakini moyo uko nyuma, haya basi kama unataka. "Can leh" unamwambia mwenzako mbona inawezekana, wewe ndio ulifikiri haiwezekani. "Can ah?" unaomba ruhusa. Neno ni lile lile moja na habari ni sita tofauti, na hakuna hata moja utaipata kama utaviondoa ndio sentensi ipendeze. Nilirudia rekodi zingine mara kumi, kumi na tano, nikisikiza sauti inapanda ama inashuka.

Alafu siku moja niko kwa mfereji nangoja mtungi ujae (ploti yetu ni vyumba kumi na mbili na mfereji mmoja) nikasikia watoto. Mmoja anamwita mwenzake akacheze. "Kuja." Hakuja. "Kuja basi." Hakuja. "Si ukuje." "Aki kuja tu." "Kwani hukuji?" Mhariri, nilikuwa nimeyasikia hayo maisha yangu yote na sikuwahi kuyasikia. Kitenzi ni kimoja tu, kuja, na hicho kimtoto kimeamuru, kikabembeleza, kikashawishi, kikaomba, kikanuna, kwa kutumia "basi" na "si" na "aki" na "tu" na "kwani". Nani atanipa neno moja la Kiingereza la "kwani"? Ukienda Kisumu watakwambia "kuja omera" na hiyo omera imebeba undugu mzima wa Kijaluo ndani ya sentensi ya Kiswahili, na ukiitoa umebakisha amri kavu. Hapo ndipo "lah" ilinifungukia, kwa mfereji, mtungi umejaa na maji yanamwagika nikaambiwa na mama wa nyumba namba nne funga maji bana. Bana! Nayo ndio hiyo.

Wacha niseme vile hiyo lugha ilizaliwa maana inafanana na Nakuru yetu. Waingereza walifika kisiwa hicho 1819 wakakifanya bandari, na watu wakaja kutafuta kazi, Wachina kutoka kusini wenye Kihokkien na Kiteochew na Kikantoni, Watamil kutoka India, na Wamalei walikuwa huko. Sokoni kwa miaka mingi watu walielewana kwa Kimalei cha sokoni. Walipopata uhuru wao 1965 wakawa na lugha nne rasmi, Kiingereza, Kimandarini, Kimalei na Kitamil, na Kiingereza kikapewa nguvu shuleni hadi ilipofika 1987 shule zote zilikuwa zinafundisha kwa hicho. Lakini mwalimu anafundisha darasani, wakati wa mapumziko hayuko. Watoto walikutana uwanjani, kwa maghorofa ya serikali, vijana wakakutana jeshini tangu 1967 ilipokuwa lazima kila kijana wa kiume aende, na kila mmoja alikuja na lugha ya mama yake mfukoni. Hiyo mchanganyiko ndio Singlish. Hakuna kamati ilikaa kuitunga.

Nasi hapa reli ilifika 1900 na watu wakaja nayo na baada yake, Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Waluhya, Wakisii, Wahindi wenye maduka. Angalia Bondeni, angalia Kaptembwa, angalia Langa Langa. Mtoto wangu nyumbani anasikia Kijaluo kwangu, mlango wa pili ni Kikikuyu, wa tatu Kikisii, akitoka nje anaongea kitu ambacho hakuna mzazi yeyote kwenye ploti alimfundisha. Hicho kitu kinaitwa uchafu. Mwalimu anakiita uchafu, pasta anakiita uchafu, hata mimi nimewahi kukiita uchafu.

Na kuna jambo sipendi kulisema lakini nitalisema. Mwanzo wa 2008, wakati wa ile fujo ya baada ya uchaguzi, nilikuwa msichana, na mamangu alitukanya tusiongee Kijaluo kwa sauti tukiwa nje, juu lugha ndio ilikuwa inakutambulisha. Kwa zile siku lugha yenye tungeweza kuongea bila kutetemeka ni ile ya ploti. Jirani aliyetuletea maji na sukuma kupitia dirisha la nyuma hakuwa wa kabila letu na aliongea na mama kwa hiyo hiyo lugha inayoitwa uchafu. Kwa hivyo mtu akiniambia ni kelele ya vijana nashindwa kumjibu kwa upole.

Singapore nao walipigana na yao. 1979 serikali ilianza kampeni ya kuwaambia Wachina waongee Kimandarini, na Kihokkien na wenzake zikaondolewa pole pole redioni na kwa televisheni, mpaka leo kuna mashosho ambao wajukuu hawawezi kuongea nao vizuri. 1999 mzee Lee Kuan Yew mwenyewe, waziri mkuu wao wa kwanza, yule ambaye viongozi wetu hawaachi kumtaja, alisema Singlish ni kasoro ambayo mtu hapaswi kuwatakia Wasingapore, na mwaka uliofuata wakati wa waziri mkuu Goh Chok Tong wakaanzisha harakati ya Kiingereza kizuri. Sisemi walikuwa wajinga. Nchi ndogo, inaishi kwa biashara na dunia, waliogopa watoto wataongea kitu ambacho mnunuzi wa London haelewi. Hofu hiyo naielewa. Lakini miaka zaidi ya ishirini imepita na Singlish iko, na 2016 ile kamusi kubwa ya Oxford iliingiza maneno kadhaa ya huko, kama "shiok", hiyo ni raha ya kitu kitamu. Neno "kiasu" la Kihokkien, woga wa kupitwa na wengine, lilikuwa lishaingia kabla ya hapo.

Najua mwalimu anayesoma hapa atasema mtoto akizoea Sheng, hiyo lugha yetu ya ploti, atafeli insha. Jirani yangu ni mwalimu na ananiambia hivyo kila Jumamosi tukifua. Mimi namjibu na kitu nilisikia kwa masikio yangu. Kwa ile rekodi nyingine kijana anaongea na wazazi wake, "lah" hapa "lor" pale, simu yake ikalia, inaonekana ni ya kazini. Alipokea kwa Kiingereza kimenyooka kabisa, kama msomaji wa habari, akamaliza, akakata, na neno la kwanza baada ya hapo lilikuwa "Alamak", lile la kushangaa la Singlish. Hakuna hata sekunde mbili zilipita. Huyo kijana hana lugha mbovu, ana lugha mbili na anajua kila moja inakaa wapi. Mama wa duka langu ni hivyo hivyo, akiongea na chifu utadhani ni taarifa ya habari, akigeuka kwa watoto ni Sheng. Ni kweli kuna watoto wamebaki na moja tu, hiyo ni shida na siikatai, lakini dawa yake ni kuwafunza hiyo ya pili vizuri. Mimi nilivalishwa diski shingoni nikiwa darasa la tatu, kipande cha mbao na kamba ya katani, kwa sababu nilimwambia rafiki yangu "bi ka" yaani kuja hapa. Nilitembea nayo mpaka nikasikia mwingine akikosea ndio nimpe. Sikujifunza Kiingereza siku hiyo. Nilijifunza kuviziana na wenzangu, na nilijifunza kwamba maneno ya mama yangu yanapaswa kusahihishwa kabla ya kuandikwa, na hiyo ndio tabia nilienda nayo hadi kwa meza ya shosho wa Singapore miaka mingi baadaye ikanikatia mshahara. Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 7 inasema serikali itakuza na kulinda lugha za watu wa Kenya. Bado naona diski zingine hapa mtaani, siku hizi ni faini ya shilingi kumi ama kupiga deki darasa.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Gazeti lako lina kurasa za Kiswahili sanifu, nazipenda, mtoto wangu anazisoma, ziendelee. Tenga tu pembe moja ya kuandika vile watu wanaongea kweli kweli, Nakuru leo, Kisumu wiki ijayo, Kakamega, Busia, neno linatoka wapi na linafanya kazi gani kwa sentensi, bila kumcheka anayelisema. Chai ya rangi peke yake inaweza kujaza ukurasa, hapa ni strungi, na huko Singapore kahawa nyeusi ni "kopi-o", bila sukari ni "kopi-o kosong", kosong ni tupu kwa Kimalei. Watu wataandika, nakuhakikishia.

Mimi nishaanza yangu. Nina kitabu cha mazoezi, upande wa kushoto nimeandika zile "can" zote na upande wa kulia vile mtu wa ploti yetu angesema. "Can lah" nimeweka "itaweza bana". "Can meh" nimeweka "kwani itawezekana?" "Can lor" nimeweka "haya basi". "Can leh" nimeweka "si inawezekana". Ya "can hor" ilinishinda miezi mingi, yenye mtu anasema jambo na anataka ukubali naye, nilijaribu hii na ile nikafuta mpaka karatasi ikatoboka. Juzi mtoto wangu wa darasa la tano alikuwa anafanya homuweki kando yangu, akavuta hedifoni moja akasikiza, akaniambia, "Mathe, si hiyo ni 'sindio'?"

Nimeandika sindio.

Msomaji wako,
Section 58, Nakuru